Mlio Mmoja

Julai, Hermosillo, saa nane za mchana.
Lami imelainika kama jibini kikaangoni,
mbwa wa jirani amelala chini ya trela
na hajabweka tangu Jumanne.
Magari yamepanga foleni hadi kwa muuza betri,
vioo vyote chini,
na kila dereva ana neno lilelile: haipoi.

Doña Eduviges Murrieta haulizi gari ni la mwaka gani.
Anauliza: nani alilifungua kabla yangu?
Anapitisha kidole kwenye kiungo cha bomba,
anatazama mafuta yaliyobaki ukuchani,
anacheka kwa pua.
"Mwenye misuli," anasema.

Mwenye misuli nilikuwa mimi, kiangazi kilichopita.
Nilitoka kubeba saruji, mfuko kila bega,
na maisha yote niliambiwa kaza:
kaza moyo, Nicanor, kaza mwendo,
kaza mkanda, mwezi bado haujaisha.
Hakuna aliyewahi kuniambia basi.

Kwa hiyo bolti ile ya milimita sita,
nyembamba kuliko kalamu ya shule,
niliikaza kama komeo la jela.
Iliingia. Ikagoma. Nikaongeza.
Halafu ikalegea ghafla mkononi,
laini, karibu tamu,
kama kisu kikizama ndani ya papai iliyoiva,
na tumbo langu likajua kabla ya kichwa:
meno ya aluminiamu yameng'oka yote,
yamejiviringa kwenye chuma
kama nywele kwenye kitana.

Gari lilikuwa la Otilia Buitimea,
anayepeleka wagonjwa wa figo hospitali,
watatu kila zamu, wa mwisho wakirudi adhuhuri.
Siku nne aliwafunika shingo kwa taulo za maji.
Hakunitukana.
Heri angenitukana.

Jumamosi nzima nilichonga meno mapya
kwenye tundu lile moja,
na Doña, amekaa juu ya ndoo, akawa anasema
bila kunitazama:

"Futa kwanza. Mchanga wa Sonora una subira kukuzidi.
Pete ya mpira iwe mpya, kila mara mpya,
uilowanishe kwa mafuta ya kompresa, si mate, si grisi.
Anza kwa vidole.
Bolti ikikataa haikuchukii, imekaa upande tu.
Itoe. Rudia.
Kwenye nati ya bomba shika spana mbili,
moja izungushe, nyingine izuie,
la sivyo utalisokota bomba kama shuka la kufua.
Ndipo uniombe ile ya kipimo."

Ile ya kipimo hulala sandukuni, ndani ya flaneli.
Haiazimwi, hata kwa Fermín, kaka yake,
aliyewahi kupigia nayo msumari.
Akaizungusha hadi kumi.
"Kumi ni ya hii. Nyingine, soma kitabu chake."
Nikavuta taratibu, kiwiko kikitetemeka.

Tak.

Sauti ndogo kuliko ganda la mbegu ya alizeti.
Mkono wangu wote ulitaka kuendelea;
begani mlikuwa bado na saruji.
"Imeshasema," akanena Doña. "Wewe unabishana na nani?"
Nikaachia.
Akatia alama ya rangi ya manjano juu ya bolti,
akairudisha spana sifuri
kabla hajaifunika.

Pampu ikanyonya hewa. Tukaizima, tukafunga vali.
Nusu saa tulikula tumekodolea macho geji
kama watu wanaongoja simu.
Mshale haukusogea.

Mwaka huu vifundo vya Doña vimevimba.
Jana alinipa chupa ya pilipili chiltepín,
akageukia ukutani, akijifanya anatafuta kitambaa.
Niliifungua. Tukala.
Kisha nikairudishia kifuniko chake
kwa vidole viwili,
nikasimama pale
kilipogusa.